Mpini wa Pili

Sajini Bwire alijitia kidole mdomoni, akachomoa kibanzi cha mfupa, akakigeuza kwenye mwanga, kisha akakipanga ukingoni mwa bakuli pamoja na vingine.

"Mativo wa bucha siku hizi anakata mifupa na nini? Na meno?" alinung'unika. "Zamani supu ya mifupa yake ulikuwa unakunywa tu. Sasa ni kama unakunywa sindano."

"Na bado unakunywa," alisema Inspekta Kavinya.

"Madam, njaa haina aibu."

Kavinya alisogeza kikombe chake mbali na lile bakuli. Juu ya supu kulikuwa na utando wa mafuta uliokwisha kuganda, na nzi alikuwa amenasa humo, bado anapiga mabawa. Bwire alimwondoa kwa ncha ya kijiko, akaendelea. Kibanda kilitazamana na lango la kituo cha polisi. Magotini mwa Kavinya kulikuwa na mfuko wa karatasi wenye kielelezo alichokitolea saini asubuhi hiyo. Hakuuweka mezani. Meza ilikuwa ya watu kulia chakula, na ndani ya mfuko mlikuwa na mpini wa shoka wenye damu ya binadamu.

Damu hiyo ilikuwa ya Triza Nabwire, mjane aliyeuza supu mlangoni mwa nyumba yake Kaloleni. Wateja wake wa kwanza walimkuta jikoni alfajiri, amelala kifudifudi kando ya sufuria, amepigwa shoka kisogoni. Shoka lake la kupasulia kuni, ambalo siku zote lilisimama nyuma ya mlango, halikuwepo. Siku chache baadaye mpini wake uliokotwa mtaroni nyuma ya nyumba ya Keynan, kijana jirani aliyeuza maji kwa mkokoteni, na ambaye mtaa mzima ulikuwa umemsikia akigombana na marehemu. Inspekta aliyekuwa na kesi hiyo aliona inatosha. Alimweka Keynan ndani, akapandishwa cheo, akahamishiwa pwani. Faili lilimfikia Kavinya jana. Muda ambao mahakama ya Makadara iliwapa polisi kumzuia kijana ulikuwa unaisha Jumatatu asubuhi, na bila jambo jipya angeshtakiwa kwa mauaji.

"Nieleze kitu kimoja, Sajini. Ukitaka kumsingizia mtu mauaji, utatupa nini nyuma ya nyumba yake?"

"Shoka."

"Shoka zima."

"Zima na kila kitu."

"Huyu alitupa mpini peke yake. Aliukata kwa msumeno chini tu ya chuma, akaondoka na chuma."

Bwire alifikiri huku akinyonya mfupa. "Ni shoka la reli, Madam. Babake Triza alikuwa mtu wa reli, alistaafu nalo. Chuma cha wakati wa mkoloni. Hapa Eastlands hakuna mtu anatupa chuma kama hicho. Hata mimi singetupa."

"Hata kama kimeua mtu?"

"Chuma si unaosha?"

Lilikuwa jibu la kuchukiza, na lilikuwa sahihi. Mti hunywa damu, na huwezi kuukamua. Chuma unakisugua kwa maji moto na sabuni, unakianika. Muuaji alitupa alichoshindwa kusafisha, akabaki na alichokitamani.

"Basi ana kichwa cha shoka kisicho na mpini," alisema Kavinya. "Na tundu la shoka la reli ni pana kuliko la haya ya dukani. Mpini wa kununua utacheza humo ndani. Lazima achongewe. Tunamtafuta aliyechonga."

Alifungua ripoti ya maabara. Sentensi moja alikuwa ameipigia mstari: ndani ya mkato wa msumeno, juu ya damu, mlikutwa mafuta ya ng'ombe. Pembeni, inspekta aliyetangulia alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: *Marehemu aliuza supu.* Kavinya alilifunga faili.

Mwanamke mwenye mtandio mrefu wa kahawia alivuka barabara kutoka langoni, ameshika kikapu cha chakula kilichorudishwa kama kilivyokwenda.

"Wewe ndiye afande mpya? Mimi ni Hibaq, mamake Keynan. Wamekataa chapati yangu. Wanasema kuna uji wa serikali."

"Keti, mama."

"Sikai. Nikikaa nitalia, na sitaki kulia mbele ya mtu anakunywa supu."

Bwire aliliweka bakuli chini ya benchi.

"Ugomvi wa mwanao na Triza ulikuwa wa nini?" aliuliza Kavinya.

"Supu. Walahi, supu tu! Asubuhi mapema amepanga mitungi yake kwa mkokoteni, yote imejaa. Yule mama anatoka na sufuria kubwa, anaimwaga njiani. Inarukia mitungi. Na inanuka, afande, inanuka kama mzoga. Keynan akapiga kelele, akasema atamkata. Ni mdomo ya kijana hiyo. Jioni alienda mwenyewe kuomba msamaha, na Triza akampa chai. Hiyo chai hakuna mtu aliandika."

"Alimwaga sufuria nzima?"

"Nzima. Bado inatoka moshi."

Hibaq alipokwenda zake, Kavinya alibaki akiitazama njia aliyopita. "Mwuza supu anamwaga supu ya siku nzima kabla mteja wa kwanza hajaketi. Kwa nini?"

"Ilichacha."

"Inatoka moshi, Sajini. Supu haichachi ikiwa jikoni. Ilioza kabla haijawa supu. Mifupa alinunua kwa nani?"

"Kote. Kila bucha ya Jogoo Road. Hata kwa huyu Mativo, ni shemeji yake. Alikuwa ndugu ya marehemu bwanake." Bwire alilichukua bakuli tena. "Mtu mzuri sana. Alitoa ng'ombe mzima matangani. Mimi nilikuwa pale, kulinda usalama."

"Kulinda sahani."

"Zote mbili, Madam." Akaimaliza supu.

*

Fundi wa mipini aliyejulikana zaidi kando ya Jogoo Road aliitwa Kimeu. Banda lake la mabati lilijaa mipini ya majembe iliyosimamishwa kama mabua, na ukutani alikuwa ametundika vipande vya katoni, kila kimoja kimekatwa kufuata umbo la tundu la kifaa fulani. Kwenye msumari kando ya katoni hizo palining'inia kifurushi cha gazeti. Chini ya kifurushi maranda yalikuwa yamegeuka rangi ya kutu, na nzi walikuwa wengi.

"Sasa, madam! Jembe, shoka, sururu, nyundo. Sema unataka ya nini."

Kavinya alimwonyesha kitambulisho, kisha karatasi aliyochora umbo la tundu kwa kufuata mkato wa mpini. Kimeu aliitupia jicho, akarudi haraka kwenye mpini aliokuwa akiukwangua kwa kigae cha chupa.

"Hiyo ni ya reli. Hizo hakuna siku hizi."

"Umechonga mpini wa tundu kama hilo hivi karibuni?"

"Mimi nachonga kila siku. Nitajua kila mpini kama mtoto wangu?"

"Huu ungeujua. Tundu lake si la kawaida."

Kigae kilisimama. "Moja. Nilichonga moja. Ya mzee wa Donholm, anaitwa Javan, anapenda vitu za reli. Alileta kichwa, akasema hataki mkaratusi, anataka mzeituni mwitu. Nikamtafutia. Akasimama hapo nyuma yangu mpaka nikamaliza, kama mama mkwe."

"Mmoja tu?"

"Moja tu. Haki ya mama."

Bwire alikigusa kifurushi kwa kalamu. "Na hii ni ya kuchonga nini?"

"Ni mboga ya nyumbani, bosi."

"Mboga inadondosha damu?"

"Si ni Jumamosi? Hata fundi anakula nyama."

Kavinya alikuwa ameinama. Miongoni mwa maranda aliokota kipande cha mti kifupi kuliko kidole gumba, kile ambacho fundi hukikata kutoka ncha ya mpini baada ya kuupitisha tunduni. Kilikuwa na umbo la mchoro wake. Alikinusa. Kilikuwa mkaratusi mbichi. Alikitia kwenye bahasha, akamshukuru Kimeu, akatoka.

"Anadanganya," alisema Bwire walipofika kwenye gari.

"Najua. Lakini kama Javan naye ana shoka la reli lenye mpini mpya, lazima tulione kabla sijarudi kumwuliza fundi kwa nini anaapa kwa mamake."

*

Javan alikuwa karani wa reli aliyestaafu. Sebule yake ya Donholm ilikuwa na taa za ishara, kofia ya mkuu wa stesheni, na ukutani, juu ya televisheni, shoka. Herufi E.A.R., alama ya reli, zilionekana wazi kwenye chuma. Mpini wake ulikuwa mpya, uking'aa kwa mafuta ya kitani.

Mkono wa Bwire ulienda kwenye pingu.

"Literemshe, tafadhali," alisema Kavinya.

"Kwa uangalifu, Inspekta. Mpini huo umenitoa jasho."

Alilipokea kwa glavu, akalipeleka dirishani. Katika taarifa ya Lorine, binti wa Triza, shoka la nyumbani kwao lilielezwa bila shaka yoyote: herufi za reli upande mmoja, pembe ya chini ya makali imemeguka, na kabari ya kukazia mpini tunduni ni ya chuma badala ya mti. Babu yake aliitengeneza mwenyewe kutoka kichwa cha msumari wa reli, akaipiga alama ya msalaba kwa tindo. Shoka la Javan lilikuwa na pembe zote mbili. Kabari yake ilikuwa ya mti. Kavinya alilirudisha.

"Silo," alisema.

"Silo lipi?" Javan alionekana kuumia, kana kwamba shoka lake limekosewa heshima. "Hili ni halisi kabisa."

"Sina shaka. Wewe ulikuwa mteja wa kwanza kumpelekea Kimeu tundu la namna hii?"

"Wa pili. Ndiyo maana nilimsimamia. Nilimkuta anamalizia mpini wa mtu mwingine, wa mkaratusi, kazi ya kulipua. Lakini kichwa kilikuwa ndugu ya hiki. Nilifurahi, nikataka kukinunua. Kisha nikakishika." Mzee alikunja uso. "Kilikuwa kimeokwa, Inspekta. Kisiki cha mpini wa zamani kilibaki tunduni, na badala ya kukitoboa kwa tindo kama mtu mwenye akili, mwenye shoka alikitia kichwa kizima motoni mpaka chuma kikaiva. Tundu lilikuwa jeusi tii. Chuma kilichookwa hivyo hakishiki makali tena. Utakinoa leo, kesho ni butu. Nilimwambia mwenyewe usoni: hili umeliua."

"Alisema nini?"

"Alicheka. Akasema litamtosha."

"Sura yake?"

"Sura?" Javan aliona aibu kidogo. "Nilitazama shoka. Alikuwa mnene. Alinuka mafuta. Na hakumlipa fundi. Alitundika kifurushi cha gazeti kwenye msumari, akamwambia atakuta kingine kila Jumamosi, kisha akaondoka."

Kavinya alimgeukia sajini wake. "Bakuli lako la asubuhi."

"Madam?"

"Shoka kali hukata mfupa. Shoka laini huuponda."

Ulimi wa Bwire ulipita juu ya meno polepole, ukitafuta.

Kavinya alimpigia Kimeu simu kutoka kwenye ngazi za nyumba. Hakumsalimu. "Nina ncha ya mpini wa mkaratusi kutoka sakafuni kwako, na nina mtu aliyekuona ukiuchonga. Hiyo nyama ukutani ni ya nani?"

Sauti ya upande wa pili ilitoka nyembamba. "Madam, mimi nachonga tu. Sijui shoka inaenda kufanya nini."

"Ni ya nani?"

"Ya Mativo. Alisema nisiongee, akasema ni shoka ya wizi wa reli, itamletea maneno. Mimi nikajua ni hiyo tu. Walahi."

"Umeshaila?"

"Ile ya wiki jana, ndio."

"Hiyo ya leo usiiguse," alisema Kavinya. "Ni kielelezo."

*

Bucha ya Mativo ilikuwa pembeni mwa Kaloleni, dirisha pana lenye wavu, mizani, na nyuma yake jiko la matofali la kuchomea nyama. Saa ya chakula ilikuwa imewadia. Watu walisimama na sufuria zao na vikapu. Ndani, vichwa vya mbuzi vilikuwa vimepangwa kwenye rafu vikitazama barabara, ndimi nje, na matumbo yalilala kwenye karai kama nguo zilizolowekwa zikasahauliwa. Vigae vilikuwa vimeoshwa, lakini uchafu ulikuwa umehamia kwenye viungo vya vigae, mstari mweusi kuzunguka kila kimoja. Harufu haikuwa ya nyama mbichi. Ilikuwa ya nyama iliyokuwa mbichi juzi.

"Sajini wangu!" Mativo alipaza sauti. Koti lake jeupe lilikuwa gumu kwa damu kifuani. "Na umeniletea mgeni! Karibu, madam. Wewe ndiye Kavinya, sivyo? Mimi nikisikia jina tu najua, huyu ni wa kwetu. Nikupimie maini?"

"Mifupa. Ya supu."

"Ya supu tuko nayo."

Aliweka paja kwenye gogo, akafikia nyuma yake bila kutazama, kama mtu anayefikia chumvi jikoni kwake. Shoka lilikuwa na mpini mweupe wa mkaratusi. Alipiga. Mfupa haukukatika, ulipondeka. Akapiga tena palepale, na vibanzi vikaruka mpaka kwenye wavu. Akatoa tupa mfukoni mwa koti, akayapitisha makali mara kadhaa, akapiga tena. Chuma kilichonolewa hulia kikiguswa na tupa. Hiki kilikoroma tu.

"Shoka lako limechoka," alisema Kavinya.

"Ah, ni kazi tu. Matanga juzi, unajua tulipoteza shemeji. Ng'ombe mzima. Litaachaje kuchoka?"

"Nilione."

Tabasamu la Mativo lilibaki pale lilipokuwa. Watu kwenye foleni walikuwa wakitazama. Alilipitisha dirishani.

Chuma chote kilikuwa kimefunikwa na mafuta yaliyoganda, manjano, yenye nyuzi za nyama na unywele mmoja mweusi. Pembe zote mbili za makali zilikuwa zimekwisha kwa tupa. Kama moja iliwahi kumeguka, isingejulikana tena. Kavinya alimwomba Bwire maji ya moto kutoka sufuria iliyokuwa ikichemka kwenye jiko, akayamwaga taratibu upande wa chuma. Mafuta yalilegea, yakateleza, yakaanguka vipande vipande kwenye saruji, na paka akaja kuyalamba. Chini yake palitokea E, kisha A, kisha R.

"Ulilipata wapi?"

"Kwa watu wa vyuma chakavu. Wanapita hapa kila siku na mkokoteni."

"Likiwa na mpini?"

"Bila mpini."

"Kisiki cha mpini wa zamani kilikuwa tunduni?"

Mativo alitazama tundu, akamtazama yeye. "Hapana. Tupu. Ukiweka jicho unaona upande ule."

"Hata kipande cha mti? Hata kabari?"

"Tupu, madam, nimesema. Nililipeleka kwa fundi likiwa tupu."

"Umesikia, Sajini?"

"Nimesikia."

"Na hawa wote wamesikia. Mativo, majivu ya jiko lako unayaweka wapi?"

Mama mmoja kwenye foleni, asiyependa kungoja, ndiye aliyejibu. "Si pale nyuma, kwa pipa ya choo. Hata sisi huja kuchota ya kumwaga kwa shimo."

Kavinya alimpa Bwire chujio la unga lililokuwa likining'inia juu ya mizani. Sajini alilipokea kama anapokea adhabu, akazunguka nyuma. Walimsikia akikohoa. Walisikia majivu yakichekechwa. Mativo alichukua kitambaa, akaanza kuipangusa mizani, ingawa hakukuwa na kitu juu yake.

"Nikueleze ninachofikiri," alisema Kavinya, "nawe utanisahihisha. Triza alimwaga supu kwa sababu mifupa uliyomwuzia ilikuwa ya mzoga. Alikwambia hilo. Uliporudi alfajiri kuzungumza naye, alikuwa amekupa mgongo, anachochea moto, na shoka lilikuwa nyuma ya mlango. Ulijua kuhusu Keynan. Mtaa mzima ulijua. Ulileta shoka hapa, ukalikata mpini kwa msumeno wako wa mifupa, ule pale. Umeacha mafuta ya ng'ombe ndani ya mkato. Mpini ukaenda mtaroni. Kisiki kilibaki tunduni, kimelowa, na fundi yeyote angekiona. Kwa hiyo ulikitoa mwenyewe, kwa njia unayoijua. Ulikichoma."

"Hayo ni maneno."

"Kweli. Bado ni maneno."

Bwire alirudi. Uso wake ulikuwa na majivu mpaka kwenye nyusi. Alifungua kiganja juu ya dirisha. Kilikuwa kipande cha chuma cheusi, chembamba upande mmoja na kinene mwingine, na kwenye unene wake, hata kabla ya kusafishwa, msalaba wa tindo ulionekana.

"Mti uliungua," alisema Kavinya. "Hiki hakiungui. Binti yake alikieleza kwenye taarifa yake siku ya kwanza kabisa, na hakuna aliyemwuliza kingine. Umesema tundu lilikuwa tupu. Kabari ya tundu hilo imetoka kwenye majivu yako."

Mativo aliacha kupangusa.

"Ng'ombe alikufa kwa lori tu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejadili bei. "Hakuwa mgonjwa. Alikanyagwa na wenzake. Huyo mwanamke akasema atanipeleka kwa watu wa afya, atanifungia bucha. Kwa sababu ya mifupa! Na lile shoka nilimwomba tangu ndugu yangu akiwa hai. Analitumia kupasua kuni. Shoka kama lile, kuni!" Alimtazama Kavinya kana kwamba angalau hilo wangekubaliana. "Na nilimzika vizuri, madam. Wewe ni wa kwetu, uliza mtu yeyote. Ng'ombe mzima nilitoa."

"Uliikata nyama hiyo kwa shoka gani?"

Macho ya Mativo yalirudi kwenye shoka. Bwire alikuwa akilitazama jiko la matofali, wavu wake uliopakwa masizi na mafuta, mbavu zilizokuwa zikichuruzika juu ya makaa.

"Kisiki kilichomwa kwa hili?" aliuliza. "Hili hili?"

"Jiko ni moja," alisema Mativo.

"Nyama ya matanga ilichomwa hapa. Lorine alikula. Mtoto wake mwenyewe! Nilimpakulia mimi." Sajini aliweka mkono ukutani. "Alikuwa anakataa, nikamwambia kula, mama angetaka ule."

Alifika kwenye mtaro kabla supu ya asubuhi haijamtoka. Ilimtoka yote, na baada yake kitu chembamba cha manjano, na akaendelea kuinama hata baada ya kukosa cha kutoa. Kavinya alimfunga Mativo pingu mwenyewe. Vifundo vya mikono yake viliteleza kwa mafuta, ikabidi azikaze zaidi ya kawaida, kisha akafuta mikono yake kwa karatasi, akaikunja karatasi, akatafuta mahali pa kuitupa. Hapakuwa na mahali pasafi kiasi cha kuitwa jaa.

Alivitia kabari na shoka kwenye mifuko miwili, akaandika mahali, akasaini, kisha akampigia Hibaq.

"Mama, Jumatatu Makadara uje na nguo safi za mwanao. Atatoka nazo."

Mwanamke yule alisema jambo kwa lugha yake, mara kadhaa, na simu ikakatika.

Foleni haikuwa imetawanyika. Ilikuwa imesogea karibu zaidi. Mwanamume mwenye kofia ya kiwandani, ambaye muda wote alikuwa wa kwanza dirishani, alijikohoza.

"Afande, samahani. Ile yangu alikuwa ashapima." Alionyesha rundo kwenye mizani. "Naweza kubeba?"

Kavinya alimtazama yeye, na nyuma yake wengine, sufuria mikononi, wote wakingoja jibu. Akanyoosha mkono juu, akashika ukingo wa mlango wa bati wa dirisha, akauteremsha mpaka chini.